Maporomoko ya Japani na Hikaya za Mvua za Singida

Mtu akiyapima maporomoko ya maji kwa kamba peke yake, hatakuwa na sababu ya kuvuka bahari mpaka Japani. Maporomoko ya Nachi, ambayo sifa yake imevuma mno katika visiwa vile, yana kimo cha meta 133. Ya Kegon, karibu na mji wa Nikko, yana meta 97. Na ya Yoro, ambayo jina lake liliwahi kuwa jina la enzi katika tarehe ya dola nzima, hayapati hata meta 35. Kwetu mto Kalambo, mpakani mwa Mkoa wa Rukwa na Zambia, huanguka kwa mruko mmoja zaidi ya meta 200, na Sanje, katika milima ya Udzungwa, hushuka ngazi kwa ngazi kiasi cha meta 170. Kwa kimo, basi, hatuna la kuwaonea wivu. Kinachowapa Wajapani ubora katika jambo hili ni kingine, nacho ni kwamba kwa muda wa miaka elfu na zaidi hawakuyaacha maji yao yaanguke bila ya kuyawekea hikaya, na hikaya hizo hawakuziacha vinywani mwa wazee mpaka wazee wakafa nazo, bali walizitia katika maandishi, katika michezo, katika ibada na, hatimaye, katika sheria. Nami nataka kusema kwamba jambo hilo laihusu Singida, mkoa usio na maporomoko ya kutajika, pengine kuliko linavyoihusu mikoa iliyojaaliwa maporomoko.

Chukua kisa cha Yoro, katika mkoa wa Gifu. Yasemwa kwamba palikuwa na mkata kuni fukara aliyekuwa akimlea baba yake mzee, na baba huyo alipenda sana sake, yaani pombe ya mchele, ilhali pato la kuni halikutosha kununua chakula, sembuse pombe. Siku moja kijana aliteleza mlimani akaanguka, na alipozinduka alisikia harufu ya kile ambacho baba yake alikuwa akikitamani ikitoka katika maji yaliyokuwa yakitiririka mwambani. Akayaonja, akayateka katika kibuyu chake, akampelekea baba, na mzee alipoyanywa nguvu za ujana zikamrudia. Mwaka 717 Malkia Gensho alifika mahali hapo, akayasifu maji yale kwa kuwapa watu afya, na akaamuru enzi yake iitwe kwa jina la Yoro. Safari ya malkia ni habari iliyoandikwa katika kumbukumbu za dola. Mkata kuni ni hikaya ya watu. Lakini vimeshikana kwa karne nyingi hata haviachani, na Zeami, bingwa wa michezo ya kuigiza ya Noh, akavitungia mchezo ambao wachezaji wa leo wangali wakiucheza. Mzee wa Kinyaturu au wa Kinyiramba akisimuliwa kisa hiki hatahitaji kufasiriwa kitu, maana radhi ya mzazi, kibuyu mkononi, na maji yenye baraka ni mambo ambayo yeye mwenyewe alilelewa nayo.

Nachi ina adhama ya namna nyingine. Hapo maji yenyewe ndiyo yanayotukuzwa, na juu kabisa, pale mto unapoufikia ukingo wa jabali, hutandwa kamba nene ya mabua ya mpunga kuwa alama ya kwamba mahali pale si pa kukanyagwa ovyo. Kamba hiyo hubadilishwa mara mbili kila mwaka, mwezi wa Julai na mwezi wa Desemba, na tarehe 14 Julai wanaume waliovaa nguo nyeupe hubeba mienge mikubwa 12 ya moto kuyapokea machela ya miungu yao mbele ya maporomoko. Katika masimulizi ya kale yumo Mongaku, askari aliyegeuka kuwa sufii, ambaye alisimama chini ya maji ya Nachi katikati ya majira ya baridi kali kwa nia ya kutimiza nadhiri yake, akapoteza fahamu, na akaokolewa na wajumbe wa mbinguni. Mimi ni mtu wa imani nyingine, na sidhani kwamba msomaji wa gazeti hili atataka kuyasujudia maji. Ninalolitazama kwa taadhima ni ile kazi ya kubadilisha kamba: kwamba kila kizazi kimepanda juu ya jabali lile kwa mikono yake na kulivalisha upya, na hakuna kizazi kilichosema kwamba kizazi kilichotangulia kilikwisha kufanya vya kutosha.

Wala si hikaya zote zilizo tamu. Huko Kurosaka yako maporomoko ambayo jina lake ni Yurei-daki, na kisa chake kiliandikwa mwaka 1902 na Lafcadio Hearn, mwandishi mwana wa mama wa Kigiriki na baba wa Ireland, ambaye aliihamia Japani mwaka 1890 na akafa raia wa nchi hiyo. Usiku mmoja wa baridi wanawake waliokuwa wakisokota nyuzi walikuwa wakisimuliana habari za mashetani, na kwa mchezo wakaahidiana kwamba atakayethubutu kwenda peke yake kwenye maporomoko, akaleta kasha la sadaka liwekwalo mbele ya mzimu wa mahali pale, atapewa nyuzi zote zilizosokotwa siku ile. Mwanamke mmoja, jina lake O-Katsu, akamfunga mwanawe mgongoni akaenda gizani. Alipolitia mkono kasha, sauti ikamwita kwa jina kutoka katika maji, akatetemeka, akalishika, ikamwita mara ya pili kwa ukali zaidi, akakimbia nalo mpaka akafika. Wenzake wakamshangilia na kumsifu kwa ushujaa, na bibi mmoja akamsaidia kumfungua mtoto ili apate kuota moto; nao wakaona damu, na kwamba mtoto hana kichwa.

Nimekisimulia kisa hiki kwa kuwa ndani yake mna jawabu la swali ambalo wengi huniuliza, kwamba hikaya hizi zina faida gani. Mtoto aliyekisikia kisa cha Yurei-daki usiku, mbele ya moto, hatakwenda kuiba cha mahali pale, wala hatachafua maji yale, hata kama hapana mlinzi wala bango wala faini. Hikaya imefanya kazi ya askari, tena bila mshahara, na imeifanya kwa muda ambao hakuna halmashauri iliyopata kukaa madarakani. Pwani ya Kenya jambo hili limethibitika kwa macho: misitu ya makaya ya Wamijikenda ilibaki imesimama, ilhali msitu ulioizunguka ulikatwa kwa mashamba na makaa, kwa sababu watu waliamini habari za wazee waliozikwa humo na fingo zilizofukiwa humo, na mwaka 2008 UNESCO iliyatia makaya hayo katika orodha ya urithi wa dunia.

Hata hivyo nguvu hiyo yataka hadhari. Tarehe 22 Mei 1903 mwanafunzi wa miaka 16, Fujimura Misao, alikwenda mpaka Kegon, akaacha maneno katika shina la mti, na hakurudi nyumbani. Magazeti yakamfanya kuwa hikaya mpya; vijana wengine wakamfuata kwa miaka iliyofuata, hata wenye mamlaka wakalazimika kuyaondoa maneno yale na kuweka ulinzi. Maporomoko ambayo kwa karne nyingi yalikuwa na sifa ya watawa wa Kibudha yakapata sifa ya huzuni kwa majira machache tu, na waliofanya hivyo hawakuwa mashetani, walikuwa waandishi waliosimulia bila kupima athari ya masimulizi yao. Sisi tuandikao magazetini yatupasa kuliweka jambo hilo moyoni kabla ya kujipa kazi ya kusimulia chochote.

Nasi Afrika ya Mashariki tunayo maporomoko yenye hikaya. Pale Marangu, katika Kilimanjaro, wageni huoneshwa maporomoko ya Kinukamori na sanamu ya msichana Makinuka, ambaye alipata mimba kabla ya ndoa, akaogopa adhabu ya mila, akaenda ukingoni kwa nia ya kujitupa. Na alipokwisha kughairi na kugeuka nyuma ili arudi nyumbani, alikutana na chui, akashtuka, akaanguka. Ni kisa kizito, na yeyote mwenye binti hawezi kukisikia bila ya kuguswa. Kwingineko bahati haikuwa hivyo. Mwaka 1864 Samuel Baker aliyafikia maporomoko makubwa ya Nile katika Uganda, akayapa jina la Murchison, aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia wa London. Mwaka 1883 Joseph Thomson akapita Nyahururu, katika Kenya, akayaachia maporomoko ya pale jina la ukoo wake. Katika miaka ya 1970 Uganda iliyaita yale ya kwake Kabalega, kisha jina la Murchison likarejea, na ndilo mgeni analolikuta katika ramani hata leo. Wenyeji waliyajua maji hayo, na waliyatambikia, kwa muda mrefu kabla ya Baker kuzaliwa. Lakini Baker alikuwa na kalamu.

Sasa nije Singida. Ardhi yetu ni ya nyanda kame na mawe makubwa ya matale, yenye msimu mmoja wa mvua uanzao Novemba na kumalizika Aprili, na mito ambayo kwa nusu ya mwaka huwa njia za mchanga. Tuna maziwa ya magadi, Singidani na Kindai, ambayo mji umekua kando yake na ambako heroe hutua kwa makundi. Tuna Kitangiri huko Iramba, ambalo maji yake hutoka kwa mto Sibiti kuelekea Eyasi. Tuna ukingo wa Bonde la Ufa, ambao pale Kilimatinde na Sekenke humwonesha msafiri nchi yote ya chini kama aliyesimama darini. Maporomoko hatuna. Na kwa kuwa hatuna, mawazo ya wahenga wetu kuhusu maji hayakutazama ukingoni mwa jabali ambako maji huanguka kila siku, yalitazama juu, mahali ambako maji huenda yakaanguka na huenda yasianguke. Hikaya zetu za maji ni hikaya za mvua.

Waihanzu wa Mkalama, ambao vitabuni huandikwa Waisanzu, husimulia kwamba asili yao ni kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, na kwamba walipofika Kirumi walikuja na ilimu ya mvua, ikakaa katika ukoo wa Anyampanda. Utawala wa mvua kwao haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa wa wawili, mwanamume na mwanamke, kwa itikadi kwamba mvua, sawasawa na mtoto, haiwezi kupatikana kwa jinsia moja. Na mvua ilipokuwa imekataa kabisa, na matambiko ya mizimu yamefanywa bila jawabu, wanawake ndio waliotoka kwa ngoma yao, na wanaume hawakuruhusiwa kuwakaribia. Nilipokuwa nikisoma habari za Nunobiki, maporomoko yaliyo nyuma ya mji wa Kobe, nilisimama kwa mshangao, kwa kuwa huko nako maji yamegawanywa kwa jozi: yako maporomoko ya kiume, yako ya kike, na kati yao yako yaitwayo mume na mke. Watu wawili wasiopata kuonana, mmoja akiwa na maji tele na mwingine akiyaomba, walifikia rai moja kwamba maji huzaliwa kwa wawili. Nani kati ya vijana wetu waliomaliza shule ajuaye kwamba Mkalama ina fikira ya kusimama bega kwa bega na ya Kobe?

Na iko hikaya ya Liti. Kwa masimulizi ya Wanyaturu, mwanamke huyo aliwapinga Wadachi, yaani Wajerumani, kwa jeshi la nyuki, ambao walitoka kwa amri yake wakawavamia askari wenye bunduki. Leo uwanja wa mpira mjini Singida umepewa jina lake, na nalipongeza jambo hilo kwa moyo safi. Lakini jina juu ya lango si hikaya. Kijana anayekuja kutazama mchezo akiulizwa Liti alikuwa nani, alisema nini, nyuki walitoka wapi, na aliuawa vipi, apaswa kuwa na kitabu cha Kiswahili cha kumjibu, chenye maneno ya wazee wa Unyaturu kama walivyoyatamka.

Hapa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika miaka ya 1930 alikuja kwetu mtafiti wa Kijerumani, Ludwig Kohl-Larsen, katika safari mbili, ya mwaka 1934 hadi 1936 na ya 1937 hadi 1939. Akakaa kwa Waihanzu, kwa Wanyiramba na kwa Wahadzabe wa kando ya Eyasi, akasimuliwa hadithi nyingi mno za majitu, za sungura, za wahenga, akanakili na michoro ya miambani. Katika siasa alikuwa mfuasi wa Hitler, na hilo halifichwi. Hadithi alizosimuliwa zilichapwa Ujerumani, kwa Kijerumani, kitabu baada ya kitabu. Baada yake Bibi Marguerite Jellicoe aliandika kwa Kiingereza habari za Wanyaturu, na mwaka 1967 makala yake juu ya kulisifu jua ilitoka katika jarida la Transition lililokuwa likichapwa Kampala. Na matambiko ya mvua ya Waihanzu yameandikiwa kitabu kizima na Todd Sanders, kilichotolewa mwaka 2008, nacho ni cha Kiingereza. Kwa hiyo hikaya za babu zetu hazikupotea zote. Zimo katika rafu za ng'ambo, katika lugha ambazo mjukuu wa msimuliaji hazisomi, ilhali katika shule za Kiomboi, Nduguti, Ikungi na Manyoni mtoto hufundishwa kusoma kwa hadithi za nchi asizozijua.

Yuko atakayesema kwamba mambo haya ni ushirikina, na kwamba Mwislamu au Mkristo hapaswi kuyafufua. Namheshimu asemaye hivyo, na namjibu kwamba kuandika si kuabudu. Wanavyuoni wa Kiislamu walihifadhi mashairi ya Waarabu wa zama za Jahiliya, wakayasoma kwa ajili ya lugha na tarehe, na imani yao haikupungua. Mwingine atasema kwamba Singida yahitaji visima kabla ya visa. Ni kweli kwamba visima vyahitajika, na asiyelijua hilo hajaishi hapa mwezi wa Oktoba. Lakini gharama ya daftari, kinasa sauti na mwalimu mmoja mwenye subira haifikii gharama ya kuchimba hata sehemu ya kisima, na wazee hawangoji bajeti.

Wa tatu ndiye ninayemwogopa kuliko wote, naye ni yule atakayekubali upesi mno. Huyo atataka kesho kuweka ubao kando ya Singidani wenye kisa kilichotungwa ofisini kwa ajili ya watalii, chenye joka na binti mfalme, kisichopata kusimuliwa na mzee yeyote. Namsihi asifanye hivyo. Hikaya iliyobuniwa kwa ajili ya tikiti hailindi maji, kwa sababu hakuna mtoto aliyelala nayo, na wenyeji wakiisoma huona haya kwa niaba ya ziwa lao.

Njia iliyo sahihi Wajapani waliipita kabla yetu. Mwaka 1910 mtumishi wa serikali, Yanagita Kunio, alichapa kitabu chembamba cha visa 119 vya Tono, wilaya ya mashamba iliyofichwa na milima huko kaskazini, yenye baridi na njaa za mara kwa mara, isiyo na jambo la kumvuta mtu wa Tokyo. Visa vyote alisimuliwa na kijana mmoja wa huko, Sasaki Kizen, na Yanagita alimtaja waziwazi mwanzoni mwa kitabu kuwa ndiye mwenye masimulizi. Nakala za kwanza zilikuwa 350 tu. Kitabu hicho ndicho kilichoanzisha ilimu ya mila za watu katika nchi ile, na Tono, ambayo haikuwa na fahari yoyote, ikawa mahali ambapo watu husafiri kwenda kutazama kijito ambamo, kwa visa hivyo, huishi kiumbe wa majini aitwaye kappa. Upande wa sheria, tangu mwaka 1919 Wajapani walikuwa na sheria ya kulinda mahali penye historia na mandhari nzuri, na ile ya mwaka 1950 ikaongeza ulinzi wa sanaa na ujuzi usioshikika kwa mkono. Sisi tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ina mengi ya kusema juu ya majengo na vyombo vya kale, na machache mno juu ya maneno ya mzee aliye hai.

Naiomba ofisi ya elimu ya mkoa, pamoja na halmashauri zote za wilaya, ianze kwa mambo mawili ambayo hayahitaji kungoja sheria. La kwanza ni kwamba kila shule ya sekondari ipewe kata yake, na wanafunzi, wakiongozwa na mwalimu wa Kiswahili, wayaandike masimulizi ya wazee kuhusu kila ziwa, mlima, jabali na chemchemi, kwa Kinyaturu, Kinyiramba, Kihanzu, Kigogo au Kihadzabe kwanza, kisha kwa Kiswahili, na jina la msimuliaji liandikwe juu ya kisa chake endapo mwenyewe ameridhia. Na wazee wawili wakisimulia kwa njia mbili zisizopatana, vyote viwili viandikwe, asitokee mtu wa mjini akachagua kilicho kizuri. Yale ambayo wazee watasema ni siri ya tambiko yaachwe kwao. La pili ni kwamba vyuo vyetu vikuu, ambavyo vina wasomi wa Kijerumani na wa Kiswahili, vivifasiri vitabu vya Kohl-Larsen, na kila hadithi ya Mkalama irudishwe Mkalama ikiwa imechapwa kwa bei ambayo mkulima wa alizeti aweza kuilipa. Msimu wa mvua ukiisha Aprili na mavuno yakishaingia ghalani, wazee huwa na nafasi ya kukaa na watoto mpaka usiku, na daftari za kazi hiyo zaweza kununuliwa sasa.